Barabara ya pamba, mzigo wa miwa: kisa cha mzee mmoja wa njia ya Namasagali

Kisa kilitokea Kamuli, huku Busoga, Uganda, ile njia inayoshuka kwenda Namasagali, mwezi wa nne, mvua imeshika kabisa. Mzee mmoja mwenye miwa kama ekari nne alipata pamiti ya kiwanda, ile ruhusa ya kukata na kupeleka miwa, na nyinyi mnaojua mambo ya miwa mnajua pamiti ikishatoka huna la kusema, unatafuta wakataji siku hiyohiyo hata kama mbingu ni nyeusi, maana ukiiacha ipite hujui utaitwa tena lini. Wakataji wakaingia, miwa ikalazwa chini, malori mawili yakatoka salama, la tatu likazama kwenye bonde la kinamasi pale penye kalavati ya zamani, kalavati ikapasuka, lori likakaa tumbo chini. Trakta iliyokuja kulivuta ikachimba mashimo mengine. Miwa iliyobaki shambani ikakaa pale imekatwa, usiku mvua mchana jua, karibu wiki nzima. Ilipofika mizani ya kiwanda imeshakuwa nyepesi, sehemu wakaikataa, ile waliyopokea wakaikata bei, na mwenye lori bado anadai pesa ya siku ambazo gari lililala.

Mimi naingia humu kwa sababu kazi yangu ni kutafutia wakulima magari ya kubeba miwa. Nakaa Bugembe, nimekulia kambi za kiwanda cha sukari cha Kakira ambako Mlugbara na Mualur na Msoga wote wanakutana kwa Kiswahili, na mzee mwenyewe Kiswahili chake amekitoa landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, baba yake alikuwa mtu wa reli. Kwa hiyo tuliongea sana. Na niliongea na wengine pia, na kila mmoja alikuwa na wake wa kulaumu: dereva alilodi kupita kiasi, mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya kijiji, amekula pesa ya barabara, kiwanda kimetoa pamiti wakati wa mvua, jirani anaelekeza maji ya shamba lake barabarani. Yote yana ukweli kidogo. Lakini hata ungebadilisha dereva na mwenyekiti wote, ile barabara bado ingekufa, na sababu yake imeanza zamani sana kabla mzee hajapanda hata bua moja.

Hii barabara ilitengenezwa kwa ajili ya pamba. Hapo ndo pa kuanzia.

Siku hizi ukisema Namasagali mtu anafikiria shule, ile koleji, na sasa kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema. Lakini ile ilikuwa bandari, na kubwa. Mto Nile ukitoka Jinja ulikuwa na maporomoko mengi, Bujagali na Itanda na mengine, meli isingeweza kupita pale, basi Waingereza wakajenga reli ya kuyazunguka kutoka Jinja mpaka Namasagali, ikafunguliwa 1912. Meli zinazunguka Ziwa Kyoga zinakusanya pamba ya Lango na Teso, zinaileta Namasagali, inapanda treni mpaka Jinja, halafu inaingia meli tena inavuka Ziwa Victoria mpaka Kisumu ambako reli ya Mombasa ilikuwa imeshafika tangu 1901. Baadaye reli ikaja moja kwa moja kutoka Kenya kupitia Tororo, ikajiunga na hii yetu pale Mbulamuti, na 1931 ikavuka Nile ikafika Kampala. Yote haya kwa sehemu kubwa ni pamba, zao ambalo mbegu yake mtu aitwaye Borup wa Uganda Company aliigawa 1903.

Mzee alikuwa mtoto mdogo mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipopandisha maji, bandari ikafurika na haikurudi tena. Lakini hata bila mafuriko ilikuwa inaelekea kufa, reli ilikuwa imefika Soroti tangu 1929 na 1964 ikafika Pakwach, pamba ya kaskazini ikapata njia yake bila kupitia Kyoga.

Sasa tuangalie pamba ilivyokuwa inasafiri, kwa sababu watu wanaisahau hii. Pamba ya Busoga inapandwa katikati ya mwaka, inavunwa kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili. Yaani inatoka shambani wakati wa kiangazi! Barabara ya muramu, ule udongo wa changarawe, ni kavu na ngumu kama chapati ya jana, baiskeli inapita, mkokoteni wa ng'ombe unapita, lori la ushirika linakuja mara chache mpaka stoo. Na pamba ni nyepesi, ekari ya mkulima wa kawaida inatoa kilo mia mbili, mia tatu hivi pamoja na mbegu, mama anaweza kuibeba kichwani kwa awamu. Jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, iko karibu, pamba ikishachambuliwa inafungwa marobota ya kilo 185, na robota halina haraka, likikaa stoo mwezi mzima likisubiri behewa bado ni pamba ileile. Kwa hiyo serikali ya wakati huo ikajenga njia nyembamba za kijijini, kalavati ndogo, halafu uzito wote ukaachiwa reli. Ilikuwa mpango mzuri kwa zao lile. Mwaka 1969/70 Uganda ilitoa zaidi ya marobota laki nne na hizi njia ndogo hazikulia.

Halafu pamba ikaanguka, miaka ya sabini na themanini mnaijua, bodi ya pamba iliyokuwa na haki ya kununua peke yake ikaondolewa 1994, lakini huku kwetu watu walikuwa wameshakata tamaa. Wakapanda mahindi, wakapanda maharagwe, wengine wakakaa tu. Miwa ilikuwepo siku zote, kiwanda cha Lugazi tangu 1924 na cha Kakira tangu 1930, lakini ilikuwa ya estati, shamba la kampuni na barabara za kampuni. Wahindi wakafukuzwa 1972, wakina Madhvani wenye Kakira wakarudi 1985, kiwanda kikafufuliwa, na kikaanza kutegemea wakulima wa nje, maautigrowa. Hapo kidogokidogo, ekari moja hapa, mbili pale, baadaye viwanda vingine vikaja Mayuge, Kaliro, Kamuli, na ukipita leo Busoga unaona miwa mpaka ukuta wa kanisa.

Mzee alipanda ya kwanza akiwa na akili timamu kabisa, msimcheke. Miwa haihitaji kupaliliwa kila wiki, ukishaikata inachipua tena bila kupanda, kiwanda kinakukopesha mbegu na mbolea, na siku ukilipwa unalipwa pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, ada ya shule imetoka. Nani angekataa?

Ila angalia uzito. Ekari ya miwa iliyotunzwa inatoa tani 30 mpaka 40. Tuseme 35. Lori la tani kumi lililokuwa linabeba pamba ya ekari zaidi ya thelathini, leo halimalizi hata theluthi ya ekari moja ya miwa. Hata ukikumbuka kwamba miwa inachukua mwaka na nusu kukomaa, bado kila ekari kwa mwaka inatoa mzigo angalau mara sabini, themanini hivi kuliko pamba. Mara sabini! Kwenye barabara ileile, kalavati ileile. Na reli haipo tena kwa ajili yetu, ile ya Namasagali imekufa, na hata ingekuwepo haifai, maana miwa huwezi kuishusha na kuipandisha mara tatu ukabaki na faida, ni mzigo mkubwa wenye sukari kidogo, karibu tani kumi za miwa kutoa tani moja ya sukari.

Na miwa haingoji. Hili ndo linaloua watu. Ukishaikata, sukari iliyo ndani inaanza kuvunjika yenyewe na vijidudu vinaingia pale ilipokatwa, maji yanapungua, uzito unashuka, inatakiwa ifike kwenye mashine ndani ya siku moja au mbili, ya tatu tayari unaumia. Kama iliungua moto ndo mbaya zaidi. Sasa kiwanda hakizimi mashine kwa sababu mvua inanyesha, kinasaga karibu mwaka mzima, kwa hiyo pamiti zinatoka mwezi wa nne na wa kumi sawa tu na mwezi wa pili. Zao la kiangazi limeondoka, limekuja zao la misimu yote, na barabara imebaki ya kiangazi. Mzee aliponisikia nasema hivyo alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, kumbe mimi nimepigwa na kalenda." Nikamwambia ndiyo mzee, kalenda na mizani.

Tuje kwa lori lenyewe. Dereva aliongeza mzigo, hilo hata yeye hakatai. Lakini jiulize kwa nini. Analipwa kwa tani, dizeli ni ileile akibeba kumi au kumi na nne, na foleni kiwandani anaweza kulala siku mbili tatu, basi kila safari anataka ijae. Barabara kuu kuna mizani, pale Magamaga kwa mfano, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari la ekseli saba na kila ekseli ina kiasi chake. Huku ndani ya kijiji nani anapima? Hakuna. Na kitu ambacho hata mainjinia wanakisema kila siku lakini hakifiki kwa wenyeviti wetu ni kwamba uharibifu haupandi sawa na uzito. Ukiongeza asilimia ishirini ya uzito kwenye ekseli, barabara inaumia karibu mara mbili. Zile trela za trakta zenye ekseli chache na tairi nyembamba ndo hatari zaidi, tena usiku zinatembea bila taa, lakini hiyo ni habari nyingine na imeshatuzikia watu wengi barabara ya Jinja kwenda Iganga. Na watoto wanaokimbia nyuma kuchomoa miwa. Haya, turudi.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu wengi wakichambua miwa wanasahau ng'ombe.

Zamani mzee alikuwa na ng'ombe wa kienyeji, wa kulima na wa kuvuta mkokoteni, wanachungwa bondeni. Miwa ilipokuja ikala malisho, bonde nalo watu wakapanda mpunga, ng'ombe mmoja mmoja akauzwa. Soko lilikuwa mbali lakini ng'ombe ana miguu, anatembea mwenyewe mpaka mnadani, hahitaji barabara wala gari, usafiri wa bure kabisa. Baadaye mke wa mtoto wake, mama mmoja mchapakazi sana, akapata ng'ombe wa gredi, nusu Friesian, anafungwa bandani analishwa majani ya kukatwa na ncha za miwa. Akaongeza wa pili. Maziwa yanatoka kila asubuhi, boda anakuja na mikebe anakusanya nyumba kwa nyumba anapeleka Kamuli mjini.

Sasa ona mgongano. Miwa inahitaji barabara mara moja kwa miezi kumi na nane lakini inakuja na tani mia na arobaini. Maziwa yanahitaji barabara kila siku, Jumapili pia, lakini mzigo wake ni lita kadhaa nyuma ya pikipiki. Lori likizama siku moja linaacha mahandaki ambayo boda atayapambana nayo miezi mingine mitatu. Wiki ile ya kalavati boda hakupita kabisa, maziwa saa nne asubuhi yameanza kuchacha, mama akawa anagawa kwa majirani, mengine ndama wakanywa. Mzee alipoteza miwa na wote wakamhurumia, hasara ya yule mama hakuna aliyeihesabu, na kwa mwaka mzima ukijumlisha siku zote maziwa yaliyokosa njia sidhani kama iko mbali sana na ya miwa. Ndani ya boma moja, zao la baba mkwe linaua zao la mkwe. Nilipowaambia hivyo mezani kukawa kimya, halafu mama akacheka, "Mimi nilikuwa najua, nilikuwa naogopa kusema."

Na kuna mzigo wa tatu ambao hata mimi sikuufikiria mpaka nilipokaa dukani pale kijijini nikisubiri trakta. Chakula kinaingia. Enzi za pamba shamba la jirani lilikuwa viazi, muhogo, ndizi, mtama, kijiji kinatuma pamba nje na kinakula chake. Leo posho, yaani unga wa mahindi, inakuja na gari, maharagwe yanakuja na gari, mpaka ndizi. Njia ikikatika bei ya unga inapanda siku hiyohiyo, kwa watu waliozungukwa na kijani pande zote.

Suala la umbali sasa. Mkulima akisikia bei ya tani anafurahi, lakini ile ni bei ya mlangoni kwa kiwanda. Gari linakatwa humo humo. Mtu aliye kilomita nane kutoka kiwandani na mtu aliye kilomita arobaini wanaweza kuwa na miwa sawa, bei sawa, na mmoja anarudi na pesa mwingine anarudi na karatasi. Mwaka 2023 bei ilipopita shilingi laki mbili za Uganda kwa tani hata wa mbali walipata, ikaja ikaporomoka karibu nusu, na wa mbali ndo waliozama kwanza, kwa sababu gari halikushuka bei pamoja na miwa. Vilevile 2020, watu wa mpakani walikuwa wanavusha miwa Busia kwenda viwanda vya Kenya, ile pia ilikuwa hesabu ya gari, Julai Kenya ikafunga mlango na malori yakageuka.

Ndo maana mimi yale mabishano ya zoni, yaani kila kiwanda kiachiwe eneo lake, nayaona ni mabishano ya usafiri yaliyovaa koti lingine. Sera ya sukari ya 2010 ilitaka kiwanda kipya kisiwe ndani ya kilomita 25 za kingine. Wenye viwanda vya zamani wakasema tumekopesha mbegu, tumechonga barabara, mgeni anakuja kunyakua miwa yetu. Wakulima wakasema tuleteeni kiwanda karibu. Rais akaurudisha muswada 2019 kwa sababu ya hizo zoni na sheria ya 2020 ikapita bila zoni. Pande zote mbili wana haki kidogo, ila kwa mzee wangu kiwanda kilichosogea karibu kilimpunguzia gharama kuliko barabara yoyote aliyowahi kuahidiwa kwenye kampeni. Ubaya wake ni kwamba viwanda vikiwa vingi, hakuna anayeona barabara ya kijiji kuwa ni yake. Estati ilikuwa inapitisha greda kwa sababu miwa yote ya njia ile ilikuwa inakwenda kwake. Leo njia moja inabeba miwa ya viwanda vitatu, kila mmoja anamwangalia mwenzake, na wilaya ina shilingi bilioni moja ya serikali ya kugawa kwa barabara zote.

Mtu mmoja aliniambia tungoje reli mpya ya SGR, mkataba wa Malaba mpaka Kampala ulisainiwa 2024, kilomita 272. Nzuri, itabeba kontena, labda itabeba sukari. Bua la miwa halitapanda ile reli hata siku moja, maili ya kwanza kutoka shambani ndo penye ugonjwa wetu.

Walichofanya pale kijijini ni hiki. Walichanga, kila mwenye miwa kwa ekari zake, wakanunua kalavati mbili pana, na wakakubaliana lori lisipite bondeni likiwa limelodi zaidi ya kiasi fulani walichopima kwa mistari ya mabua kwenye bodi ya lori, siyo sayansi lakini inaonekana kwa macho. Mimi niliwaambia waende mbele zaidi, waombe kiwanda pamiti za mashamba ya nyuma ya bonde zitoke miezi mikavu na za pembeni ya barabara kuu zitoke mvua. Afisa wa kiwanda hakukataa, hakukubali, alisema ataangalia. Wataomba tena wakiwa kikundi, mtu mmoja mmoja hasikilizwi.

Mzee naye anataka kung'oa ekari mbili za nyuma aweke kahawa. Kahawa ukiikausha ikawa kiboko, yaani kavu na maganda yake, inakaa guniani inangoja, boda inaibeba, haina pamiti. Mtoto wake mkubwa hataki, anasema kahawa ni miaka mitatu kabla hujaona kitu na ada ni Februari. Mkwe anataka ekari moja iwe majani ya ng'ombe. Wakaniuliza mimi, mtu ninayekula kwa malori. Nikawaambia wapande kahawa na majani, miwa ibaki ile inayogusa barabara kuu, na mimi gari langu nitalipeleka kwa wengine.